Maisha ya Mohamed Amin, Mpiga Picha

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam. Alianza kupiga picha angali mwanafunzi, kwa kamera kuukuu ya Box Brownie. Mwaka 1984 alikwenda Korem, Ethiopia, akapiga picha za sinema za watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Zilipoonyeshwa Uingereza, walimwengu wakachanga fedha na chakula. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Akatiwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Alifariki Novemba 1996, ndege aliyopanda ilipotekwa nyara ikaanguka baharini karibu na Ngazija.

Basi sisi tupigao picha hapa Mwanza, mialoni na majabalini, tusingoje kamera ya thamani. Tulicho nacho chatosha kuanzia.