Joe Gaetjens: Mhaiti aliyeifunga Uingereza, kisha akapotelea gerezani

Wazee wetu wapenzi wa kabumbu hawajasahau mwaka 1974, Zaire ilipokwenda Ujerumani Magharibi ikiwa timu ya kwanza ya Afrika nyeusi kucheza Kombe la Dunia. Wachache wanakumbuka kwamba Haiti, nchi ndogo ya Karibi, nayo ilikuwa pale kwa mara yake ya kwanza. Ilifungwa mechi zote tatu kama sisi, lakini mshambuliaji wake Emmanuel Sanon aliifunga Italia na jina lake likabaki.

Sanon hakuwa mtoto wa kwanza wa Haiti kufunga bao katika Kombe la Dunia. Wa kwanza alifunga miaka 24 kabla ya hapo, huko Brazil, akiwa amevaa jezi ya Marekani. Jina lake ni Joseph Gaetjens, na watu walimwita Joe. Mwaka ule wa 1974 alikuwa amekwisha kupotea miaka kumi, na hadi leo kaburi lake halijulikani.

Gaetjens alizaliwa Port-au-Prince mwezi wa tatu 1924, katika familia iliyojiweza. Jina lake ni la Kijerumani: baba wa babu yake alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Bremen, akafika Haiti katika karne ya 19 na kuoa huko. Joe aliupenda mpira tangu utoto, na alipokuwa na miaka 14 tayari alikuwa ndani ya timu ya Etoile Haïtienne, moja ya timu kubwa za mji mkuu. Akiwa nayo alichukua ubingwa wa nchi mwaka 1942 na tena 1944.

Lakini kule Haiti, mpira haukuwa kazi ya kumlisha mtu. Mwaka 1947 serikali ilimlipia masomo, akapelekwa New York kusoma uhasibu katika chuo kikuu cha Columbia. Fedha hazikutosha. Akatafuta kibarua cha kuosha masahani katika mgahawa mmoja wa mji huo, na hapo ndipo bahati yake ilipogeuka, kwa sababu mwenye mgahawa alikuwa pia mwenye timu. Timu hiyo iliitwa Brookhattan na ilicheza katika ligi ya American Soccer League. Muosha masahani akawa mshambuliaji. Msimu wa 1949-1950 alifunga mabao 18 katika mechi 15, akamaliza akiwa mfungaji bora wa ligi nzima.

Waliocheza naye walimkumbuka kama mtu asiyeweza kufundishwa kwa urahisi. Alikimbia soksi zikiwa zimeshuka miguuni, akaenda alipotaka, na mara nyingi alifunga kwa namna ambayo mwingine asingejaribu. Kocha anayetaka kila mtu abaki mahali pake angeumwa kichwa na mchezaji wa aina hii. Marekani haikuwa na nafasi ya kuchagua sana: Kombe la Dunia la Brazil lilikuwa limekaribia na timu ilikuwa bado inakusanywa.

Ilikuwa timu ya ajabu. Golikipa Frank Borghi aliendesha gari la kubeba maiti huko Saint Louis. Beki Harry Keough alipeleka barua za posta. Walter Bahr, kiungo, alikuwa mwalimu wa shule Philadelphia. Watatu kati yao hawakuwa hata raia wa Marekani: Ed McIlvenny wa Scotland, Joe Maca aliyezaliwa Brussels, na Gaetjens. Sheria za wakati ule zilikubali, mradi mchezaji aseme kwamba ana nia ya kuomba uraia. Gaetjens hakuwahi kuuchukua.

Tarehe 29 mwezi wa sita 1950, timu hiyo iliingia uwanjani Belo Horizonte kupambana na Uingereza. Waingereza walikuwa wanacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yao. Miaka ya nyuma walikataa kwenda, wakijiona kuwa wenye mpira. Walikuwa na Billy Wright, Tom Finney, Stan Mortensen, na Alf Ramsey, ambaye baadaye, mwaka 1966, angekuwa kocha aliyewapa kombe. Stanley Matthews, mchezaji wao maarufu kuliko wote, aliachwa nje ya uwanja siku hiyo. Walikuwa wamelala karibu na Belo Horizonte, kwenye mgodi wa dhahabu wa Morro Velho uliokuwa mali ya kampuni ya Waingereza. Sisi wa mashariki mwa Congo tunaijua picha hiyo: mgodi ndani ya nchi ya watu, na wageni wake wako nyumbani kuliko wenyeji.

Marekani ilikuwa imeshafungwa na Hispania 3-1 katika mechi ya kwanza. Uingereza ilikuwa imeipiga Chile 2-0. Hakuna aliyengojea mechi, watu walingojea tu kujua yatakuwa mabao mangapi.

Waingereza walianza kwa kushambulia bila kupumzika. Mipira iligonga milingoti, mingine ilipita juu, mingine Borghi aliidaka. Kisha, dakika ya 38, Bahr alipata mpira upande wa kulia, mbali na goli, akaupiga kuelekea langoni. Golikipa Bert Williams akaufuata mpira. Katikati ya watu, Gaetjens akajirusha, akaugusa kwa kichwa, mpira ukabadili njia. Williams alikuwa amekwisha kwenda upande mwingine. Moja kwa sifuri.

Kuhusu goli hilo kumekuwa na mabishano tangu siku hiyo. Waingereza wengi waliandika kwamba ilikuwa bahati, kwamba mpira ulimgonga tu kichwani bila yeye kukusudia. Wenzake wa Marekani walikataa hadi uzeeni: walisema Joe alikwenda kuutafuta ule mpira, kama alivyokuwa akifanya kila Jumapili New York. Mimi nawaamini wao. Mtu aliyefunga mabao 18 katika mechi 15 hajirushi mbele ya mabeki kwa bahati mbaya.

Kipindi cha pili kilikuwa cha mateso kwa Marekani. Zikiwa zimebaki dakika chache, Mortensen alikuwa anakimbia kuelekea goli, Charlie Colombo akamwangusha nyuma ya mstari wa hatari, muamuzi kutoka Italia akatoa mpira wa adhabu na si penalti. Mpira ulipigwa, kichwa kikapigwa, Borghi akautoa. Waingereza walilia kwamba ulikuwa umevuka mstari. Muamuzi alikataa. Mechi ikaisha vilevile, na Wabrazil, waliokuwa wanaomba Uingereza itolewe mapema, wakavamia uwanja. Walimnyanyua Gaetjens mabegani na kumzungusha.

Mwandishi mmoja tu kutoka Marekani alikuwa uwanjani siku hiyo, Dent McSkimming wa Saint Louis. Gazeti lake halikumtuma. Alichukua likizo na kujilipia safari. Kwa sisi wa kazi hii, huyo naye anastahili goli lake.

Siku tatu baadaye Marekani ilifungwa na Chile 5-2 na kurudi nyumbani. Hakukuwa na gwaride wala umati wa watu kiwanjani cha ndege. Bahr alirudi kufundisha, Keough akarudi kwenye barua zake.

Gaetjens hakurudi kwenye masahani. Alivuka bahari hadi Ufaransa, akachukuliwa na Racing Club de Paris, timu ya daraja la kwanza. Hakudumu pale. Akashuka kusini, akacheza Alès, mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe. Miaka hiyo ya Ufaransa haikumletea utajiri wala jina kubwa, na mwaka 1953 haujaisha alikuwa tena Port-au-Prince. Nyumbani walimpokea kama shujaa. Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule alivaa jezi ya Haiti katika mechi ya kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia dhidi ya Mexico. Haiti ilipigwa 4-0.

Baada ya hapo alitulia. Alioa mwaka 1955, akapata watoto watatu wa kiume, akafungua biashara ya kufua na kupiga pasi nguo. Kampuni ya Colgate-Palmolive ilimtumia kutangaza bidhaa zake, maana uso wake ulijulikana na kila mtu. Alifundisha vijana mpira. Ingekuwa nchi nyingine, habari hii ingeishia hapa, na mzee Joe angekufa kitandani akiwasimulia wajukuu habari za Belo Horizonte.

Mwaka 1957 Haiti ilipiga kura. Daktari François Duvalier, aliyeitwa Papa Doc, alishinda. Aliyeshindwa alikuwa Louis Déjoie, na familia ya Gaetjens ilikuwa na undugu naye na ilimuunga mkono waziwazi. Duvalier hakuliamini jeshi, kwa hiyo akaunda wanamgambo wake. Watu waliwaita Tonton Macoute, jina la mzee wa hadithi za watoto ambaye hupita usiku na gunia akichukua watoto watukutu. Hao wa Duvalier walichukua watu wazima, hata mchana. Wasomi wengi walikimbia nchi. Wengine walifika hadi huku kwetu: baada ya uhuru wa mwaka 1960, walimu, waganga na mafundi wengi wa Haiti walikuja kufanya kazi Congo, na wako Wacongo wazee waliofundishwa nao darasani.

Joe hakukimbia. Siasa haikuwa kazi yake, na alikuwa amesema hivyo mara nyingi. Lakini wadogo zake wawili walikuwa uhamishoni katika Jamhuri ya Dominika, na walihusishwa na kundi lililopanga kumwangusha Duvalier. Chini ya utawala wa namna ile, kosa la mtu mmoja huandikwa kwa jina la ukoo mzima. Katikati ya mwaka 1964 Duvalier alijifanya rais wa maisha. Ndugu wengi wa Joe waliona hatari na kuondoka. Yeye alibaki kwenye duka lake, akiamini kwamba hakuna atakayemgusa mtu wa mpira anayependwa na nchi nzima.

Asubuhi ya tarehe 8 mwezi wa saba 1964, watu wenye silaha walimkuta kazini. Walimwingiza katika gari lake mwenyewe na kuondoka naye hadi Fort Dimanche, gereza la Port-au-Prince ambalo wengi walioingia hawakutoka. Alikuwa na miaka 40. Hakufikishwa mbele ya hakimu. Inaaminika aliuawa mwezi ule ule, lakini familia haikupewa maiti.

Mke wake aliondoka Haiti na watoto, wakaishia Marekani. Duvalier alikufa mwaka 1971 akiwa bado madarakani, na mwanawe Jean-Claude akarithi kiti. Timu ya Haiti iliyokwenda Ujerumani mwaka 1974, ile ya Sanon, ilisafiri chini ya utawala huo huo uliomla mfungaji wa 1950.

Mwaka 1972 timu ya New York Cosmos ilicheza mechi ya kuisaidia familia yake. Mwaka 1976 jina la Joe liliingizwa katika ukumbi wa heshima wa kabumbu wa Marekani, nchi ambayo hakuwahi kuwa raia wake. Haiti ilisubiri hadi mwaka 2000 kuweka picha yake kwenye stempu ya posta. Mwanawe mmoja alikusanya habari za baba na kuziandika katika kitabu kilichotoka mwaka 2010. Siku baba yake alipochukuliwa, alikuwa bado hajafikisha miaka kumi.