Mtakatifu Monika, Mama wa Mkatekumeni

Shirika la Mapadri Weupe lilianzishwa mwaka 1868 na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, katika Afrika ya Kaskazini. Kutoka huko wana wake walisafiri hata wakafika Maniema, katika nchi iliyojeruhiwa na biashara ya watumwa. Lakini karne nyingi kabla yao, nchi hiyohiyo ya kaskazini ilizaa mama mmoja ambaye Kanisa lote linamkumbuka. Jina lake ni Monika.

Monika alizaliwa yapata mwaka 331 katika mji wa Tagaste, unaoitwa leo Souk Ahras, nchini Algeria. Wazazi wake walikuwa Wakristo. Alilelewa na mtumishi mzee wa kike, mtu mkali mwenye busara. Hata hivyo binti huyu aliingiwa na tabia mbaya. Kila alipotumwa kuteka divai alionja kidogo, leo tone, kesho tone zaidi, hata akafikia kunywa vikombe vilivyokaribia kujaa. Siku moja kijakazi aliyegombana naye alimtukana kuwa ni mlevi. Monika aliona haya, akaiacha tabia ile mara moja. Basi, hata watakatifu walianza kama sisi, wakakubali kuonywa, ijapokuwa kwa kinywa cha adui.

Alipokuwa msichana mkubwa aliozwa kwa Patrisio, mpagani, mwepesi wa hasira na asiye mwaminifu katika ndoa. Monika hakubishana naye alipokuwa amekasirika. Alingoja mpaka moyo wake utulie, ndipo akamweleza neno lake. Mama mkwe alimchukia kwa sababu ya masengenyo ya watumishi, lakini kwa uvumilivu wa Monika akawa rafiki yake. Tena, wanawake wawili walipogombana na kila mmoja kumwambia maneno makali juu ya mwenziwe, Monika hakuyapeleka upande wa pili. Alipeleka yale tu yawezayo kupatanisha. Mwishowe Patrisio naye aliomba Ubatizo, akafa Mkristo yapata mwaka 371.

Watoto wao tunaowajua ni watatu: Augustino, Navigio, na binti ambaye baadaye aliongoza watawa wanawake. Monika aliwafundisha jina la Yesu tangu walipokuwa wakinyonya. Augustino alizaliwa mwaka 354, akatiwa alama ya msalaba na kupewa chumvi, kama walivyofanyiwa wakatekumeni. Alipokuwa mtoto aliugua sana, akaomba abatizwe. Mama akaharakisha kuandaa yote. Lakini mtoto alipona ghafula, na Ubatizo ukaahirishwa. Siku zile wengi walifikiri hivyo: afadhali kungoja, maana dhambi baada ya Ubatizo ni nzito zaidi. Kungoja huko kulidumu miaka mingi.

Augustino alikwenda kusoma Kartago. Huko aliishi na mwanamke bila ndoa, akapata mwana, Adeodato. Akajiunga na dini ya Wamanikayo, waliofundisha kwamba kuna nguvu mbili, ya wema na ya ubaya, zinazopigana milele. Mama yake alihuzunika, hata kwa muda hakutaka kula naye meza moja. Kisha aliota ndoto: amesimama juu ya ubao, na kijana mwenye kung'aa akamwonyesha kwamba mwanawe amesimama papo hapo alipo yeye. Akamrudisha nyumbani. Akamwendea askofu mmoja, akimsihi abishane na Augustino. Askofu alikataa, akamshauri amwombee tu, kwa sababu mwana wa machozi mengi namna hiyo hawezi kupotea.

Mwaka 383 Augustino alimdanganya mama yake. Monika alipokuwa akisali usiku katika kanisa la Mtakatifu Sipriani karibu na bandari, mwanawe alipanda merikebu, akaenda Roma. Mama huyu mjane hakukata tamaa. Alimfuata ng'ambo ya bahari, na tufani ilipotokea, yeye ndiye aliyewatia moyo mabaharia. Alimkuta Milano.

Huko Monika naye alipata fundisho. Katika Afrika alizoea kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Askofu Ambrosi alikuwa amekataza jambo hilo, kwa maana lilileta ulevi, nalo lilifanana na tambiko za wapagani kwa wafu wao. Monika hakunung'unika. Aliacha kikapu, akapeleka sala, na chakula akawapa maskini. Wangapi kati yetu huacha desturi ya wazee kwa utii kama huo?

Mwaka 386 Augustino aligeuka kwa moyo wote. Usiku wa Pasaka, mwaka 387, Ambrosi alimbatiza pamoja na Adeodato na rafiki yake Alipio. Mtoto aliyepewa chumvi sasa alikuwa na miaka 32.

Wakaanza safari ya kurudi Afrika. Katika bandari ya Ostia, mama na mwana waliegemea dirisha wakazungumza juu ya uzima wa milele. Baada ya siku chache Monika alishikwa na homa. Zamani alitamani sana kuzikwa kando ya mume wake. Sasa aliwaambia wanawe wauzike mwili wake mahali popote, mradi wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Siku ya tisa ya ugonjwa alifariki, mwenye umri wa miaka 56. Masalia yake yamo Roma, katika kanisa la Mtakatifu Augustino. Sikukuu yake ni tarehe 27 Agosti.

Mwanawe akawa Askofu wa Hippo na mwalimu mkuu wa Kanisa. Monika hakuandika kitabu, wala hakuwa na darasa. Nyumba yake ndiyo shule yake. Ewe mama wa Kasongo au wa Kabambare, unayemfundisha mtoto alama ya msalaba kando ya jiko, kazi yako ni ileile. Nawe mkatekumeni unayeona kwamba siku ya Ubatizo inakawia, mkumbuke aliyengoja miaka 32 huku akilia, wala hakuacha kusali hata siku moja.