ALIYEPANDA ZABIBU, WAKAVUNA WENGINE

Mchumia juani hulia kivulini. Ndivyo tulivyofundishwa na wazee wetu, nasi twaamini kwamba usemi huo waonyesha jinsi mambo yanavyopasa kuwa. Lakini sivyo yalivyo siku zote. Wako watu waliochuma juani mpaka migongo yao ikapinda, na kivuli wakakikalia wengine. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mmoja wao, fundi wa mikono wa huko Marekani aliyeitwa Ephraim Wales Bull. Katika nchi yake jina hilo ni mashuhuri, na tunda alilolipa uhai limeingia katika nyumba za mamilioni ya watu. Hata hivyo mwenyewe alikufa maskini, akitunzwa katika nyumba ya wazee.

Bull alizaliwa mjini Boston, katika jimbo la Massachusetts, tarehe 4 Machi, 1806. Hakupata kuwa msomi wa chuo kikuu. Alipokuwa kijana alitiwa katika kazi ya ufundi, akajifunza kufua dhahabu. Fundi wa namna hii huchukua kipande kidogo cha dhahabu, akakipiga kwa nyundo saa baada ya saa, hata kikawa utando mwembamba mno, mwepesi kuliko bawa la kipepeo. Utando huo hutumiwa kupambia vitabu, fremu za picha na mabango ya maduka. Ni kazi ya jasho na ya subira, nayo hufanywa ndani, mbali na hewa safi. Kijana huyu alikula kwa kazi hiyo, lakini moyo wake ulikuwa mahali pengine. Tangu utoto alipenda mizabibu, na kila alipopata kipenyo cha ardhi alipanda.

Mnamo mwaka 1836 alihama Boston akaenda kukaa Concord, mji mdogo ulio karibu. Mapafu yake yalikuwa yamedhoofu, naye alitafuta hewa ya shamba. Alinunua nyumba na kiunga, akaendelea na ufundi wake wa dhahabu ili apate riziki, na saa zilizobaki akazitumia bustanini. Concord haukuwa mji wa kawaida. Waandishi wakubwa wa Marekani kama Emerson na Thoreau waliishi hapo, na Nathaniel Hawthorne akaja kuwa jirani yake Bull wa mlango kwa mlango. Wao walishika kalamu, na Bull alishika jembe.

Wasomaji wetu wanaozijua zabibu za Dodoma wanafahamu kwamba mzabibu hupenda jua na ukavu, na kwamba huko kwetu waweza kuvunwa mara mbili katika mwaka mmoja. Huko Massachusetts mambo ni mengine kabisa. Wakati wa kipupwe ardhi huganda ikawa ngumu kama jiwe, na theluji hufunika mashamba kwa miezi. Wazungu waliohamia Marekani walileta mizabibu ya Ulaya mara nyingi, wakaipanda kwa matumaini makubwa, nayo ikafa. Baridi iliua mingine, ukungu ukaoza majani ya mingine, na kidudu kidogo kinachonyonya mizizi kikamaliza iliyosalia. Zilikuwako zabibu zilizotokea huko huko Marekani, kama zile ziitwazo Isabella na Catawba, lakini zilichelewa kuiva. Katika bonde la Concord jalidi huweza kuanguka mapema, mwezi wa Septemba. Mkulima aliweza kuitunza mizabibu yake mwaka mzima, kisha usiku mmoja tu wa jalidi ukamharibia matunda yakingali mabichi.

Basi Bull alijiwekea kusudi moja, nalo ni kupata mzabibu utakaostahimili baridi ile na kuivisha matunda yake kabla ya jalidi. Hakutumwa na serikali wala hakulipwa mshahara na mtu. Lilikuwa pendo lake la saa za mapumziko, akalishika kwa bidii ile ile aliyoishikia nyundo.

Ili tuielewe kazi yake, na tutazame mimea yetu wenyewe. Mkulima akitaka mhogo ule ule aupendao, hapandi mbegu. Hukata pingili na kuzipanda, na kila pingili huota mhogo wa namna moja na mama yake. Lakini akipanda kokwa la embe, hawezi kujua atapata embe la namna gani, maana kila kokwa lina tabia zake. Mzabibu nao ni hivyo hivyo. Anayetaka kuuzidisha ulioko hupanda pingili. Anayetaka mpya ambao haujapata kuonekana duniani hana budi kupanda mbegu, kungoja miaka mpaka mche uzae, kuonja, na kung'oa ule usiofaa. Katika mamia ya miche huenda asipate hata mmoja wa maana. Kwa hiyo kazi hii humtaka mtu asiyechoka kushindwa.

Bull aliianza na zabibu mwitu wa msitu wa huko, mmea mgumu usioogopa baridi, ambao matunda yake yana harufu kali na ngozi nene. Mwaka 1843 alipanda mbegu zake katika kiunga chake. Miche ikaota, akaipalilia, akaichagua. Miaka sita ilipita. Mwaka 1849 mche mmoja ulizaa zabibu kubwa, nyeusi zenye unga wa samawati juu ya ngozi, tamu, zenye harufu ya kujaza chumba. Zaidi ya hayo, ziliiva mapema, jalidi isizikute. Wataalamu wa siku hizi wamechunguza mmea huo wakakuta ndani yake nasaba ya zabibu za Ulaya pia, na yaaminika kwamba chavua ilitoka katika mizabibu ya bustani iliyopandwa jirani na ule mwitu. Ndivyo ugumu wa msituni ulivyokutana na utamu wa bustanini. Bull aliupa mzabibu wake jina la mji wake, akauita Concord.

Hakukimbilia soko. Aliujaribu kwa miaka mingine, na mwaka 1853 zabibu zake zikapelekwa Boston katika maonyesho ya Chama cha Kilimo cha Bustani cha Massachusetts. Waamuzi walistaajabia ukubwa wa vichala vile, nao waliijua vema baridi ya jimbo lao. Mwaka uliofuata, yaani 1854, miche ikaanza kuuzwa kwa umma kwa bei ya dola 5 kila mmoja. Kwa siku zile bei hiyo ilikuwa kubwa, na hata hivyo watu waligombea kununua. Katika mwaka wa kwanza Bull alipata kiasi cha dola 3,200. Bila shaka alidhani kwamba uzee wake umekwisha kupata tegemeo.

Lakini tumekwisha kusema kwamba mzabibu huzidishwa kwa pingili. Mfanya biashara aliyenunua mche mmoja kwa dola 5 aliweza kuukata na kupata miche kadha, na mwaka wa pili mamia, na mwaka wa tatu maelfu. Wenye bustani kubwa za miche walifanya hivyo hasa. Hawakuhitaji kurudi kwa Bull, wala sheria haikuwalazimisha kumlipa hata senti moja. Siku zile mtu aliyevumbua mashine aliweza kupewa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Aliyezalisha mmea hakuwa na ulinzi wo wote. Mzabibu wa Concord ukaenea upesi kutoka pwani ya mashariki mpaka ng'ambo ya mto Mississippi. Kadiri ulivyoenea, ndivyo mapato ya mzazi wake yalivyokauka.

Si kwamba majirani zake hawakumheshimu. Mwaka 1855 walimchagua kuwa mjumbe katika Baraza la kutunga sheria la Massachusetts, na huko alishughulika na mambo ya kilimo. Naye hakuacha kazi yake bustanini. Katika maisha yake alikuza miche ya mizabibu zaidi ya 22,000, na katika hiyo yote ni ishirini na mmoja tu aliyoona ina thamani. Alipata zabibu nyeupe aliyoiita Esther, na nyingine aliyoiita Rockwood. Lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kujeruhiwa. Hakuwaamini tena wafanya biashara, akawa mgumu kuitoa miche yake mipya. Hapo twaona hasara ya pili ya unyonyaji: humwibia mfanya kazi, kisha huwanyima watu wote yale ambayo mfanya kazi huyo angaliwapa kwa furaha.

Wakati huo tunda lake lilikuwa likiwatajirisha wengine. Mwaka 1869, katika mji wa Vineland jimboni New Jersey, daktari wa meno aliyeitwa Thomas Bramwell Welch alikamua zabibu za Concord, akaitia maji yake katika chupa na kuichemsha ili isichachuke. Alikuwa Mkristo wa dhehebu la Methodisti, akitaka kanisa lipate kinywaji cha Meza ya Bwana kisicholevya. Kutokana na chupa hizo kilizaliwa kiwanda kikubwa ambacho jina lake lajulikana mpaka leo. Hatumlaumu Welch; naye alifanya kazi yake kwa akili na kwa nia njema. Lakini maji yale matamu yalitoka katika mche ulioota penye kiunga cha fundi wa dhahabu, na fundi huyo hakupata fungu lake.

Mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 87, Bull alipanda ngazi kuutunza mzabibu wake, akaanguka akaumia. Hakuweza tena kujitunza, wala hakuwa na mali ya kumlipa wa kumtunza. Akapelekwa katika nyumba ya wazee ya mji ule. Huko ndiko alikofariki tarehe 26 Septemba, 1895, katika majira yale yale ya mwaka ambayo zabibu za Concord huwa zimeiva. Alizikwa katika makaburi ya Sleepy Hollow, walikolala Emerson, Thoreau na Hawthorne. Juu ya jiwe lake waliandika kwamba yeye alipanda na wengine wakavuna. Kila aliyesoma Injili ya Yohana atajua maneno hayo yafanana na yapi. Lakini katika Injili mpandaji na mvunaji hufurahi pamoja. Juu ya kaburi la Concord mmoja wao hayumo katika furaha hiyo.

Mwaka 1930, miaka thelathini na mitano baada ya kifo chake, Marekani ilitunga sheria ya kumlinda mtu anayezalisha mmea mpya unaozidishwa kwa pingili au kwa kuunganisha. Wengine watasema kwamba hapo neno limekwisha. Sisi hatuoni hivyo. Sheria ya namna hiyo ni upanga wenye makali mawili. Yaweza kumlinda fundi maskini asiibiwe na tajiri; yaweza pia kushikwa na kampuni kubwa na kumzuia mkulima maskini asimpe jirani yake pingili. Aliyemdhulumu Bull si mama aliyeomba kitawi akipande ukutani kwake apate matunda ya watoto. Aliyemdhulumu ni yule aliyeuza miche kwa maelfu na kufunga mkoba wake. Sheria isiyotofautisha watu hawa wawili haijakomaa.

Tena iko njia nyingine, nayo imejaribiwa na mtu aliyefuata nyayo za Bull. Elmer Swenson, mfuga ng'ombe wa maziwa katika jimbo la Wisconsin, ambako baridi ni kali kuliko ya Concord, alianza mwaka 1943 kuzalisha mizabibu kwa mapenzi tu, baada ya kukamua ng'ombe zake. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Minnesota kilimchukua kutunza mashamba yake ya matunda, akawa na mshahara na wenzi wa kazi. Aliendelea kuzalisha mpaka uzee wake, akagawa pingili kwa watu waliomwomba, na alipofariki mwaka 2004 mizabibu yake ilikuwa imeenea katika nchi nyingi za baridi. Mtu huyu aliweza kutoa kwa mkono mkunjufu kwa sababu riziki yake haikutegemea kuficha. Chuo cha umma kilikuwa nyuma yake. Bull hakuwa na mtu nyuma yake.

Twawaomba wasomaji wetu walipime jambo hili katika mahali pao pa kazi. Karakana haikosi fundi aliyegundua namna rahisi ya kutengeneza kifaa kilichoshindikana, na kijiji hakikosi mzee aliyechagua mbegu yake kwa miaka thelathini hata ikastahimili ukame. Jina la mtu huyo na liandikwe katika daftari la karakana au la chama cha ushirika. Kazi yake ikileta faida, fungu lake lihesabiwe kabla faida haijagawanywa, na akizeeka asitafutiwe mahali pa kulala kwa huruma. Kumjengea mtu jiwe zuri baada ya kufa ni jambo jepesi. Bull alilipata jiwe lake. Alichokikosa ni kile kilichompasa akiwa hai, na kwa hao walio hai kati yetu wakati wa kukitoa ni sasa.