Mzee wa tulipu aliyeibiwa maua usiku

HEBU fikiria umeletewa mzigo kutoka ng'ambo, ukaona vitunguu, ukavichoma na kuvila kwa mafuta na siki. Baadaye unaambiwa ulikula maua! Hayo yalimpata mfanyabiashara mmoja wa Antwerp mwaka wa 1562. Vilivyobaki alivifukia katikati ya kabeji, na vingi vikaharibika kwa kukosa mtu wa kuvijali.

Aliyetuandikia kisa hicho ni Carolus Clusius, jamaa aliyezaliwa 1526 mjini Arras, Ufaransa ya leo. Alisomea sheria kwanza, akaiacha, akaenda Montpellier kusomea utabibu. Huko aliishi nyumbani kwa mwalimu wake, Guillaume Rondelet, na ndiko mimea ilikomteka akili. Hakuwahi kuoa. Nadhani bustani ndiyo iliyokuwa familia yake.

Mwaka wa 1573 alienda Vienna kumtengenezea Kaisari Maximilian II bustani. Rafiki yake Busbecq, aliyekuwa balozi kule Constantinople, alimpa mbegu na vitunguu vya tulipu. Tulipu ya mbegu si mchezo, inaweza kuchukua miaka mitano hadi saba kabla ya kutoa ua. Kumbe kaisari naye angefariki 1576! Mrithi wake, Rudolf II, hakuwa na haja na Clusius, na kazi ikaisha hivyo tu.

Wengine wangeweka vitunguu hivyo kama dhahabu. Yeye alivigawa bure kwa marafiki kote Ulaya, akivifunga pamoja na barua zenye maelezo ya kupanda: vitie ardhini kabla ya baridi kali, ua likinyauka usikate majani, yaache yageuke manjano kwanza kwa sababu ndiyo yanayolisha kitunguu cha mwaka ujao. Barua zaidi ya 1,000 alizoandikiwa zimehifadhiwa Leiden hadi leo.

(Kama unawaza kujaribu hapa Nairobi, baridi yetu haitoshi. Itabidi uviweke kwenye friji wiki 12 hivi, mbali na matunda, kisha ndipo upande.)

Mnamo 1593, akiwa na umri wa miaka 67 na mguu mbovu, alihamia Leiden, Uholanzi, kusimamia bustani ya chuo kikuu. Hakuweza kuinama, kwa hivyo mwuza dawa Dirck Cluyt ndiye aliyeshughulikia udongo. Tulipu zikachanua, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Watu walitaka kununua. Inasimuliwa kwamba mzee alikataa, au alitaja bei ya kumfukuza mtu, basi wakaja usiku na kuzing'oa. Vienna pia alikuwa ameibiwa. Mtu anayegawa bure kuibiwa! Alivunjika moyo kabisa.

Lakini wezi nao walipanda, wakauza, wengine wakapanda tena. Tulipu zikasambaa Uholanzi kwa mikono miwili, ule wa marafiki zake na ule wa wezi wake.

Clusius aligundua jambo jingine: zile zenye michirizi ya rangi, ambazo mabwenyenye walizipenda kuliko zote, huwa dhaifu na hufifia. Katika miaka ya 1920 wanasayansi walithibitisha kwamba michirizi ile ni ugonjwa, virusi vinavyoenezwa na vidukari. Wanunuzi walikuwa wakipigania maua magonjwa! Mnamo 1637 biashara hiyo ya kubahatisha iliporomoka ghafla. Clusius hakuyaona hayo, alifariki Aprili 1609 akiwa na miaka 83.

Bustani yake Leiden imejengwa upya kwa kufuata orodha ya mimea ya 1594. Na kuna tulipu ndogo yenye jina lake, Tulipa clusiana, nyekundu kwa nje na nyeupe kwa ndani. Tofauti na tulipu nyingi za dukani ambazo huchoka upesi, hii hurudi kila mwaka bila kupandwa tena.