Mwana wa seremala aliyechonga maneno ya sayansi

Katika kitivo chetu kuna mjadala ambao haufi. Kila mwaka anasimama mwanafunzi kusema kwamba lugha zetu haziwezi kubeba kemia wala fizikia, kwa sababu zitalazimika kuazima kila neno. Hoja hiyo inanigusa kuliko wengine, kwa kuwa kazi yangu ya mwisho wa masomo ni juu ya istilahi za umeme katika Kiswahili. Kama hoja ni ya kweli, ninapoteza muda. Kwa hiyo nilitaka kujua Kiingereza chenyewe, ambacho watu wanakiona kama lugha iliyozaliwa na sayansi mkononi, kilipata wapi maneno yake. Njia hiyo ilinifikisha kwa mtu mmoja ambaye jina lake halisikiki sana darasani: William Whewell. Wenyewe wanalitamka karibu na Hyueli.

Alizaliwa tarehe 24 Mei 1794 mjini Lancaster, kaskazini-magharibi ya Uingereza, mtoto wa kwanza wa fundi seremala aitwaye John Whewell. Baba alitaka mwanawe ashike randa na msumeno kama yeye. Aliyebadilisha mambo ni Joseph Rowley, mwalimu mkuu wa shule ya mji huo. Alizungumza na kijana, akaona akili yake, akamwendea baba na kujitolea kumfundisha bila malipo. Baba alisita, kisha akakubali. Katika shule hiyohiyo alisoma mtoto mwingine aitwaye Richard Owen, ambaye mwaka 1842 aliunda kwa mizizi ya Kigiriki jina la wale wanyama wakubwa wa kale, dinosaria. Mji mdogo, lakini maneno mengi.

Mama alifariki mwaka 1807. William alipelekwa shule ya Heversham ili aweze kupata msaada wa masomo uliotolewa huko, na mwaka 1812 akaingia Chuo cha Trinity, Cambridge, katika daraja la wanafunzi maskini waliolipa ada ndogo. Mwaka 1816 alimaliza akiwa wa pili katika mtihani mkuu wa hisabati, na mwaka huohuo baba yake akafariki. Tangu hapo Trinity ndiyo ikawa nyumba yake. Alifundisha hisabati, akawa kasisi, akawa profesa wa elimu ya madini mwaka 1828, profesa wa falsafa ya maadili mwaka 1838, na mwaka 1841 mkuu wa chuo chenyewe. Alikuwa mtu wa umbo kubwa na sauti kubwa, mkali katika mabishano. Wanafunzi walimwogopa, na nadhani hata mimi ningempitia mbali uani.

Lakini wataalamu wa nje walimwandikia barua wakiomba jambo moja: majina. Kigiriki na Kilatini alivijua vizuri, na sayansi za wakati wake alizifuatilia karibu zote. Wa kwanza ninayetaka kumtaja ni Charles Lyell, mtaalamu wa miamba. Lyell alikuwa amegawa tabaka za miamba ya karibu kwa kuhesabu makombe yaliyomo: ni aina ngapi bado zinaishi baharini leo, na ngapi zimekwisha kabisa? Katika tabaka la zamani zaidi, aina zinazoishi hadi leo zilikuwa asilimia 3 na nusu hivi tu, na kadiri tabaka lilivyokuwa jipya ndivyo zilivyoongezeka. Hesabu alikuwa nayo, majina hakuwa nayo. Whewell alimpa kishina kimoja cha Kigiriki chenye maana ya upya, akatanguliza mbele yake alfajiri, pungufu na zaidi. Hivyo zikapatikana Eosini, Miosini na Pliosini: alfajiri ya mapya, mapya machache, mapya mengi. Lyell aliyachapisha mwaka 1833. Sisi tunaosoma lugha za Kibantu hatushangazwi na ufundi huo, maana kuweka kiambishi mbele ya shina ndiyo kazi ya lugha zetu tangu asubuhi hadi jioni.

Barua iliyo muhimu zaidi kwangu ilitoka kwa Michael Faraday, Aprili 1834. Faraday alikuwa mwana wa mhunzi, alianza maisha kama fundi mwanafunzi wa kujalidi vitabu, na Kigiriki hakukisoma. Alikuwa akipitisha umeme ndani ya vimiminiko na kuona jinsi unavyovichambua, lakini maneno aliyoyakuta yalimkera. Watu waliziita sehemu mbili ambapo umeme unaingia na kutoka ncha, kama ncha za sumaku, na jina hilo lilibeba ndani yake fikra kwamba ncha hizo zinavuta na kusukuma. Faraday hakuamini hivyo. Alitaka jina lisilosema lolote juu ya sababu. Daktari wake, Whitlock Nicholl, alikuwa amemsaidia kupata elektrodi na elektroliti. Kwa sehemu mbili zenyewe alikuwa amejaribu majina mengi, mengine yakitokana na mashariki na magharibi, mengine na zinki na platini, na hakuna lililomridhisha.

Fikra ya mashariki na magharibi haikuwa mchezo. Faraday aliwaza hivi: tukichukulia kwamba usumaku wa dunia unatokana na mkondo wa umeme unaoizunguka, mkondo huo utafuata mwendo wa jua, kutoka mashariki kwenda magharibi. Basi kitu kinachochambuliwa na umeme kikilazwa sambamba nao, umeme utaingia upande jua linakochomoza na kutoka upande linakozama. Whewell alijibu mara moja. Alichukua neno la Kigiriki la njia, akaliunganisha na juu na chini: anodi, njia ya kupanda, kathodi, njia ya kushuka. Siku chache baadaye akaongeza ioni, yaani kitu kinachokwenda, kwa zile chembe zinazosafiri katika kimiminiko, pamoja na anioni na kationi.

Faraday alipowaonyesha marafiki maneno hayo, wengine waliyapinga vikali. Alimwandikia Whewell kwamba amejikuta kama yule mzee wa hadithi aliyesafiri na mwanawe na punda, akijaribu kumpendeza kila mpita njia. Lakini alipotaja nani aliyemshauri, wapinzani walinyamaza. Hapo tunaona kwamba istilahi haishindi kwa uzuri wake tu. Inahitaji mtu anayeitumia kila siku kazini, ambaye ni Faraday, na mtu ambaye wengine wanaogopa kumbishia, ambaye ni Whewell.

Tuliokwenda shule huku Kongo tulikutana na anodi na kathodi katika somo la kemia, au shimi kama wengi tunavyosema, kwa Kifaransa, na hakuna aliyetuambia kwamba ndani yake kuna jua la asubuhi na la jioni. Nilipoanza kazi yangu nilishawishika kuyatafsiri: mpando na mshuko, kwa mfano. Whewell naye angeweza kufanya hivyo kwa Kiingereza cha nyumbani kwake, maana maneno ya njia, juu na chini yapo. Alikwenda kwenye Kigiriki kwa sababu neno lisilotumika sokoni linafika bila mzigo wa maana nyingine, na kwa sababu Mfaransa na Mjerumani wangelipokea bila kuona aibu. Kwetu swali ni kwamba Kigiriki chetu ni kipi. Kuna wanaosema Kiarabu, kuna wanaosema tuchimbe katika lugha za Kibantu, kuna wanaosema tuchukue kilekile cha Ulaya na kukivalisha irabu. Kwa mkondo wa umeme hakuna shida, maana mkondo ni neno letu la maji na linafaa vizuri. Kwa anodi na kathodi nimechagua kuvalisha irabu, na msimamizi wangu bado hajakubali.

Neno lake linalojulikana kuliko yote lilipokewa vibaya. Juni 1833 wataalamu walikutana Cambridge, na mshairi Samuel Taylor Coleridge, aliyekuwepo, alipinga watu wanaochimba mawe na kupima gesi kujiita wanafalsafa. Whewell alitoa pendekezo: kama anayefanya sanaa anaitwa artist, anayefanya sayansi aitwe scientist. Mwaka uliofuata alilichapisha bila kuweka jina lake, katika makala ya kuchambua kitabu cha Mary Somerville juu ya jinsi sayansi zinavyohusiana, na akaliwasilisha kama wazo la bwana mmoja asiyetajwa. Wengi siku hizi wanaandika kwamba neno liliundwa ili kumtaja mwanamke huyo. Sababu aliyoitoa Whewell ni nyingine: sayansi ilikuwa inavunjika vipande, mtu wa kemia hamjui tena mtu wa hisabati, na hawakuwa na jina la kuwaweka pamoja. Mwaka 1840 alilirudia kwa jina lake mwenyewe, akaongeza physicist. Hilo la pili Faraday alilikataa, kwa sababu lilimsumbua mdomoni.

Waliolichukia scientist walisema ni chotara, shina la Kilatini na mkia wa Kigiriki. Wengine waliamini limetoka Marekani. Mwaka 1894, miaka sitini baada ya kuchapishwa, Thomas Huxley bado alilidharau hadharani. Nasi tunasema mwanasayansi, mwana wa Kibantu na sayansi iliyotoka Kilatini kupitia Kiingereza, chotara mara mbili, na sijamsikia mtu akilalamika. Whewell mwenyewe, katika kitabu chake cha 1840, aliweka kanuni kwamba istilahi ifuate taratibu za lugha, lakini taratibu hizo zipinde pale sayansi inapohitaji.

Hakukaa tu mezani na kamusi. Mwaka 1835 alipanga nchi tisa zipime kujaa na kupwa kwa bahari kwa wakati mmoja katika vituo zaidi ya 650, na tuzo ya kifalme aliyopewa mwaka 1837 ilitokana na kazi hiyo ya bahari. Alioa mara mbili, akafiwa mara mbili, mwaka 1855 na 1865. Februari 1866 alianguka kutoka juu ya farasi, na tarehe 6 Machi akafariki, akazikwa katika kanisa la chuo chake.

Mwaka 1897, hukohuko Cambridge, Joseph John Thomson alichunguza miali ya kathodi na kuonyesha kwamba ni chembe zenye chaji hasi. Chembe hizo zinatoka kathodi kwenda anodi, kinyume kabisa cha mwelekeo ambao watu walikuwa wameupa mkondo tangu zamani. Nadharia ilibidi iandikwe upya, lakini anodi ilibaki anodi. Mwaka 1918 Thomson alifanywa mkuu wa Trinity, akakikalia kiti cha Whewell.