IBN AL-HAYTHAM: JICHO HUONA, AKILI HUHUKUMU

Ijumaa hii tumkumbuke mwanachuoni aliyechunguza kwa bidii namna mtu anavyoona.

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, nchini Iraki, karibu mwaka 965. Wanahistoria wanasimulia kwamba alidai anaweza kuyatawala maji ya Nili, mto ambao sehemu ya maji yake hutoka katika jimbo letu, upande wa Rutshuru. Al-Hakim, mtawala wa Misri, akamwita. Alipofika Aswan aliona majengo ya watu wa kale, akafahamu kwamba kama kazi ile ingewezekana, wao wangekwisha kuifanya. Kwa kuogopa hasira ya mtawala akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baadaye aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar, akipata riziki kwa kunakili vitabu. Alifariki karibu mwaka 1040.

Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, kina juzuu 7. Kabla yake Euclid na Ptolemy walifundisha kwamba jicho hutoa miale. Yeye akasema sivyo: ukitazama jua jicho huumia, basi mwanga ndio unaoingia. Kisha akahesabu mambo 22 tunayoyatambua kwa kuona. Jicho hupokea mwanga na rangi tu. Umbo, ukubwa, umbali, kufanana na uzuri huamuliwa na akili, upesi sana, hata mtu hajui kwamba amehukumu.

Vijana wa madrasa wanalijua jambo hili. Anayeanza husoma alifu, be, jimu, dali, moja moja; aliyezoea hulitambua neno zima papo hapo. Mfano huo yeye mwenyewe aliutoa. Akaeleza pia kwamba uzuri wa hati hutokana na herufi kulingana. Leo wataalamu wanaopima ubongo kwa mashine wanaona kwamba umbo lenye pande mbili zinazolingana, kama uso au jani, huamsha sehemu za nyuma ya ubongo.

Kuhusu ukubwa, alifundisha kwamba akili hupima kitu pamoja na umbali wake, kwa kuizoea ardhi iliyo katikati. Mtu wa Masisi akiona ng'ombe ng'ambo ya bonde, wadogo kama kuku, anajua ni ng'ombe. Lakini mwaka 1961 mtafiti Colin Turnbull aliandika habari za kijana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, aliyefika Ishango na kuwadhania nyati wa mbali kuwa wadudu. Macho yake yalikuwa mazima. Msituni hakuna kutazama mbali, kama sisi wa Omate tunavyojua. Akili yake ilikuwa haijakizoea kipimo kile.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye fundisho. Mara ngapi mtu ametazamwa kwa mbali barabarani, urefu wake na umbo la uso wake, akaitwa adui? Jicho halikuona adui. Jicho liliona mwanga na rangi. Akili ndiyo iliyohukumu, kwa mazoea yake. Basi tusogee karibu, tuulize jina na safari yake. Na anayetoa ushahidi aseme alichokiona, asiongeze alichodhani.

Wabillahi tawfiq.