Gertrude Bell: Kalamu na Kamera Jangwani

Gertrude Bell alizaliwa Uingereza tarehe 14 Julai 1868, katika familia tajiri ya wenye viwanda vya chuma. Alisoma historia huko Oxford, kisha akajifunza Kiajemi na Kiarabu. Mwaka 1897 alichapisha tafsiri yake ya mashairi ya Hafiz.

Safarini, mchana alipiga picha na kupima magofu. Usiku, hemani, aliandika kwa mkono njia aliyopita na maneno ya watu aliokutana nao. Mwaka 1909 alifanya hivyo katika ngome ya Ukhaidir, Iraki ya leo. Picha huonyesha ukuta. Daftari hueleza nani aliishi kando yake.

Katika safari ya Hail, 1913–1914, aliandika shajara mbili: moja fupi ya kila siku, nyingine ndefu kwa ajili ya Charles Doughty-Wylie, mwanamume aliyempenda. Njia ni moja, sauti ni mbili. Anayesoma moja tu hajamsoma Bell.

Ujuzi huo haukubaki daftarini. Vita vilipoanza, ujasusi wa Uingereza uliutumia, na mwaka 1921 Bell alishiriki kuunda ufalme wa Iraki. Waliomkaribisha kama mgeni wakajikuta ndani ya hesabu za dola.

Alifariki Baghdad tarehe 12 Julai 1926, katika mji alikoanzisha jumba la makumbusho. Shajara zake na picha zipatazo 7,000 zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Newcastle. Baadhi ya majengo yaliyomo yamekwisha kubomoka.